Nguzo ya Tatu

Saa nane mchana mlango wa Banda la Mahindi ulikuwa umezibwa na watu zaidi ya mia tatu, kila mmoja akimsukuma mwenzake, na Wakonyo alikuwa katikati yao na mzigo kichwani. Mzigo wenyewe ulikuwa kinga za miguu za kipa, jozi nzima, alizozishona kwa turubai na kuzijaza manyoya ya kondoo. Alikuwa amevaa gauni la maua ya buluu lenye mkanda kiunoni, raba nyeupe na kitambaa cha njano kichwani. Jasho lilikuwa linamtoka ingawa ni Kitale, mji wa baridi, na ilikuwa Machi, mwaka wa 1950.

"Nipisheni! Kinga za kipa hizi! Bila hizi hakuna mchezo!"

Hakuna aliyempisha. Lori la timu ya Bungoma lilikuwa limeingia likipiga honi, na watu wa Kitale walikuwa wakilikaribisha kwa matusi na magunzi ya mahindi. Halafu magunzi yakawa mawe. Umati ukayumba, Wakonyo akateleza, mzigo ukaanguka, na mtu akamkanyaga kidole. Alipoinua macho aliona sweta nyekundu. Kijana mrefu, mabega mapana, kaptula ya kaki na soksi hadi magotini, alikuwa ameruka kutoka kwenye lori na kusimama akimkinga, mikono ameipanua kama mlango.

Jiwe likampata juu ya nyusi. Hakuanguka. Damu ikashuka shavuni na kudondoka kwenye gauni la Wakonyo.

"Umenichafulia gauni!" Wakonyo akasema, kwa kuwa hakujua la kusema.

"Jiwe lilikuwa lako, dada. Mimi nimelipokea tu." Akaokota kinga za kipa, akazipiga vumbi. "Hizi ni za nani?"

"Za kipa wetu."

"Wenu? Basi wewe ni adui."

"Mimi ni fundi. Nipe."

"Nitakubebea mpaka mlangoni. Lakini mpila ukiingia goli leo, usiseme nilizitoboa."

Wakonyo akacheka bila kutaka. "Mpila? Nyinyi watu wa Bungoma, ati mpila!"

"Na wewe umetusubiri hapa tuje na nini?"

"Na rori."

"Rori!" Sasa alicheka yeye, damu ikimwingia mdomoni. "Mimi naitwa Wabwile. Wa Bokoli. Na wewe, mtu wa rori?"

Alimwambia jina lake moja tu. Hakumwambia kwamba Kagwe, mshambuliaji wa Kitale ambaye Bungoma nzima ilikuwa imekuja kumvunja, alikuwa kaka yake wa tumbo moja.

Banda hilo lilikuwa la mzungu mmoja kutoka Kanada, mkulima wa upande wa Cherangany, ambaye watu walimwita Bwana Barafu. Ujanani alilipwa kucheza mchezo wa fimbo juu ya barafu, kwao, ndani ya majumba ya mbao ambayo baridi iliingia kila upande na watu elfu moja wakapiga miguu sakafuni kujipasha joto. Kitale haina barafu. Kwa hiyo baada ya vita alitoa magunia katika ghala lake moja, akatandika mbao za mvule, akazungushia ukuta wa mbao unaofika kifuani, kisha akaagiza viatu vya magurudumu. Waliovivaa ni vijana wa shambani mwake, madereva wa trekta na wapakiaji. Kisahani cha kuchezea, ambacho watu walikiita mpira vilevile, kilikatwa kutoka tairi la lori. Wazungu waliketi kwenye viti karibu na mlango, Wahindi kwenye mabenchi, Waafrika juu ya magunia yaliyopangwa ngazi ngazi mpaka karibu na paa. Mwaka mmoja haukupita kabla ya tajiri mmoja wa pamba huko Bungoma, Bwana Lalji, kufanya vivyo hivyo katika ghala lake karibu na reli. Ndipo zikawako Timu ya Mahindi na Timu ya Pamba, wachezaji wakalipwa kwa kila mchezo, na watu wakaanza kupigana.

Kwa sababu ule ulikuwa mchezo wa kupigana, hilo lisifichwe. Bwana Barafu mwenyewe aliwaambia vijana wake kwamba kwao viti vilijaa zaidi pale damu ilipoonekana. Siku hiyo ya Machi, Kipsang, beki wa Kitale mwenye shingo nene, alimbana Wabwile ukutani mpaka ubao ukapasuka. Wabwile akamrudishia kiwiko. Wakakamatana, fimbo zikaanguka, na magurudumu yakiwateleza wakawa wanazunguka kama watu wanaocheza dansi huku wakipigana ngumi za uso. Banda zima lilisimama kwenye magunia. Wakonyo naye alisimama. Aliona aibu baadaye kukumbuka kwamba alikuwa anapiga kelele, na kwamba hakuwa anamshangilia Kipsang.

Jumatatu iliyofuata Wabwile alitokea kwenye veranda ambapo Wakonyo alishona pamoja na binamu yake, Nyaruai. Alikuwa na shati jeupe, suruali iliyopigwa pasi, plasta juu ya jicho, na sweta nyekundu mkononi.

"Imepasuka mchezoni," akasema. "Nimesikia hapa kuna fundi."

Wakonyo aliigeuza sweta kwenye mwanga, akaupitisha mpasuko kati ya vidole. "Mchezoni?"

"Kabisa."

"Uzi ukivutwa unarefuka kabla ya kukatika. Huu umekatika sawasawa. Hii imekatwa na kisu, Wabwile."

Nyaruai alicheka mpaka akaacha kukanyaga cherehani. Wabwile akakuna kichwa.

"Nilitoka Bungoma alfajiri," akasema. "Nilikuwa nahitaji sababu."

"Ungesema tu umekuja kunisalimia."

"Nimekuja kukusalimia."

"Haya, keti. Lakini sweta utalipia."

Hivyo ndivyo walivyoanza. Wabwile alifanya kazi ya kupima pamba ghalani kwa Lalji, na karani wa hapo, Khaemba, alikuwa mtu wa kwao aliyependa umbea. Kila Jumatano saa nne asubuhi Khaemba alimwachia simu ya ofisi. Upande wa Kitale, duka la jirani lilikuwa na simu, na mwenye duka alimwita Wakonyo kwa kugonga debe.

"Halo? Halo! Wakonyo?"

"Usipige kelele, nasikia. Umekula nini leo?"

"Umenipigisha simu ya trunki, ghali hivi, nikuambie nimekula nini?"

"Wewe ndiye umepiga, bana."

"Basi nimekula uji. Na nimekuota. Umevaa lile gauni la buluu."

"Lile lenye damu yako? Halijatoka doa mpaka leo."

"Usilitoe. Mwendwa…"

"Nani amekufundisha hilo neno?"

"Mkikuyu mmoja anauza viazi hapa stesheni. Nilimuuliza, mtu akitaka kumwambia msichana wenu kitu kizuri, anasemaje? Amenicheka siku mbili."

"Sema tena."

"Mwendwa."

"Dakika tatu zimeisha," ikaingia sauti ya mtu wa posta, kavu kabisa, na simu ikakatika.

Walionana kila Wabwile aliposafiri kuja kucheza, na Jumapili chache alizodandia lori la mahindi. Walitembea barabara ya stesheni chini ya mikaratusi, yeye akisukuma baiskeli ya kuazima, Wakonyo akila miwa na kumtupia maganda. Wabwile alipenda jinsi Wakonyo alivyosema jambo bila kulizungusha. Wakonyo alipenda kwamba mtu yule, ambaye sakafuni alikuwa kama fahali, alishika kikombe cha chai kwa mikono miwili kana kwamba angekivunja.

Jambo moja lilimkosesha Wakonyo amani. Wabwile alikwisha kujua kwamba Kagwe ni kaka yake, lakini Kagwe hakujua lolote. Baba yao, mzee Kang'ethe, alilima na kuuza nafaka Kachibora, na mjini Kagwe ndiye aliyekuwa baba. Alikuwa mwembamba, mwepesi, kiburi chake kikubwa kuliko mwili. Nyumbani hakulitaja jina la Wabwile ila kwa kutema mate.

"Nitamwambia," Wakonyo alisema kwenye simu mwezi wa Julai. "Nipe muda."

"Miezi minne nimekupa. Mimi si mwizi, Wakonyo. Sitaki kukuchukua kama kuku wa jirani."

"Humjui Kagwe."

"Namjua. Nimempiga mara sita na yeye amenipiga saba. Watu mkipigana hivyo mnajuana."

Mchezo wa Agosti ulikuwa Bungoma. Wakonyo alisafiri na washabiki nyuma ya lori, kupitia Kimilili, vumbi likiwajaa masikioni, gauni jipya la kijani ameliinamia kulilinda. Ghala la Lalji lilikuwa na sakafu ya saruji iliyopigwa laini, joto kama tanuri, nyuzi za pamba zikielea hewani. Na lilikuwa na kitu ambacho banda la Kitale halikuwa nacho. Paa lilishikwa na nguzo za chuma, na tatu kati ya hizo zilisimama ndani ya uwanja wenyewe, zimefungwa magunia yaliyojazwa pamba ili wachezaji wasiumie. Timu ya Pamba ilizijua nguzo zake kama mtu anavyojua miti ya shamba lake. Wageni walizigonga.

Kabla ya mchezo Wabwile alifanya kosa la mtu mwaminifu. Alimfuata Kagwe aliyekuwa amekaa kwenye sanduku akifunga viatu, akachuchumaa mbele yake.

"Ndugu yangu," akasema, "sisi ni watu wazima. Mimi na dada yako tunapendana. Nataka kuja Kachibora kwa mzee, kwa heshima, na watu wa kwetu. Nimeona wewe nikuambie kwanza."

Kagwe alimaliza kufunga kiatu cha kushoto, akafunga cha kulia, akasimama, akaenda uwanjani.

Dakika ya kwanza haikuisha. Kisahani kilikuwa upande mwingine kabisa pale Kagwe alipozunguka kwa kasi na kumpiga Wabwile mdomoni kwa fimbo, mikono miwili, kama mtu anayepasua kuni. Wabwile alikwenda chini. Alipoinuka alitema meno mawili. Refa alipuliza filimbi lakini hakuna aliyemsikiliza, kwa kuwa watu wote walikuwa wakimtazama Wabwile akianza kukimbia.

Alimfukuza Kagwe uwanja mzima. Kagwe aliizunguka nguzo ya kwanza, akaikwepa ya pili, akageuza kichwa kuangalia nyuma. Nguzo ya tatu ilikuwa mbele yake. Asubuhi hiyo mtu fulani alikuwa ameyaondoa magunia yake, pengine kwa ajili ya kupakia pamba, na hakuyarudisha. Ilikuwa chuma tupu, na bolti iliyotokeza kama ngumi, usawa wa uso wa mtu.

Wakonyo alikuwa mbali, nyuma ya vichwa. Aliona mkono wa Wabwile ukifika shingoni kwa kaka yake. Aliona mwili wa Kagwe ukiruka. Alisikia mlio, na mlio huo ulimkaa masikioni miaka mingi.

Halafu ghala likapasuka. Washabiki wa Kitale waliruka ukuta, wa Bungoma wakawaruka wao. Mabenchi yakavunjwa yakawa marungu. Mtu alipigwa kwa kiatu cha magurudumu na uso ukafunguka. Wanaume wanne walimbeba Kagwe mpaka kwenye lori, Wakonyo akakilaza kichwa chake mapajani, na gauni la kijani likawa jeusi. Jicho la kulia halikuwa jicho tena. Mawe yalikuwa yakigonga mbao za lori kama mvua, na askari walikuwa wakipiga kila waliyemfikia.

Wabwile alitokea katikati ya hayo yote, akashika ubao wa lori. Mdomo wake ulikuwa umevimba, maneno yanatoka na damu.

"Wakonyo, nisikilize…"

"Ulikuwa unamfukuza?"

"Nilikuwa, lakini…"

"Ulitaka kumuumiza?"

Mtu mwingine angesema hapana. Wabwile alimtazama machoni. "Nilitaka," akasema. "Lakini pale mwisho…"

"Usinipigie simu tena," Wakonyo akasema. "Ukija Kitale nitakupigia kelele kama mwizi."

Lori likaondoka. Wabwile alikimbia nalo hatua chache, akashindwa.

Jumatano tatu mfululizo debe liligongwa. Mara ya kwanza Wakonyo aliziba masikio. Mara ya pili Nyaruai alikwenda kupokea, akarudi akasema, "Ameniuliza kama Kagwe anaona. Nimemwambia jicho moja. Dakika zikaisha." Mara ya tatu hakuna aliyekwenda. Baada ya hapo debe halikugongwa tena, na Wakonyo aligundua kwamba kila Jumatano saa nne alikuwa akiacha kushona, mguu hewani, akisikiliza.

Kagwe alitoka hospitali mwishoni mwa Septemba akiwa na kitambaa cheusi usoni. Hakuweza tena kuendesha trekta. Alimimina chai nje ya kikombe. Alikaa verandani mchana kutwa, na vijana wa Timu ya Mahindi wakaja kuketi naye na kunong'ona.

Mchezo wa marudiano ulikuwa Jumamosi ya pili ya Oktoba, Kitale. Asubuhi ya siku hiyo Kagwe alimtupia dada yake furushi la karatasi lililotoka hospitali. "Sweta yangu. Ishone. Sichezi, lakini nataka wanione nayo."

Wakonyo alilifungua. Sweta ya kijani ilikuwa imekakamaa kwa damu iliyokauka. Aliiloweka, akaikamua, akaitandika juu ya meza ya cherehani kutafuta mahali pa kuanzia. Kifuani haikuwa na kitu. Mpasuko ulikuwa nyuma, kwenye kola, na sufu yake ilikuwa imevutika sana, urefu wa shibiri nzima, nyuzi zimerefuka na kukonda kabla ya kukatika moja baada ya nyingine. Kola ilikuwa imenyooka kuelekea nyuma kama ulimi.

Alikaa akiitazama mpaka Nyaruai akauliza kama ni mgonjwa.

Aliichukua, akaenda kusimama mbele ya kaka yake.

"Kagwe. Mtu akisukumwa, sweta haipasuki nyuma ya shingo."

"Wewe shona."

"Hapa umevutwa. Umevutwa kwa nguvu zote za mtu. Wabwile alikuwa anakuvuta wapi?"

Kagwe aligeuza uso, upande wa jicho zima.

"Nijibu! Mimi ndiye nilikuosha usaha kila siku. Nijibu!"

"Alinivuta," Kagwe akasema, taratibu sana. "Nilikuwa naenda kuigonga nguzo kwa paji la uso. Niligeuka nikaona chuma, nikajua nimekufa. Yeye alishika kola akanivuta nyuma. Ndiyo maana nikagonga na upande. Ndiyo maana niko hapa."

"Miezi miwili umenificha, Kagwe."

"Alikuja kuniambia ati atakuoa. Kwa sauti ya upole, amechuchumaa, kama mtu anayeomba chumvi! Ningemsikiliza namna gani na nimemchukia mwaka mzima?" Akamnyang'anya sweta. "Halafu watu wakaniuliza, alikusukuma? Nikasema ndiyo. Ilikuwa rahisi. Sasa Kipsang na wenzake wameapa. Leo hatoki pale kwa miguu yake."

"Uwaambie!"

"Niwaambie nini? Kwamba nimewadanganya?"

Wakonyo alikuwa ameshaanza kukimbia. Dukani alizungusha mkono wa simu mpaka ukamkwaruza. "Nipe Bungoma! Ghala la pamba! Haraka, tafadhali!" Simu ilikoroma, ikalia, ikalia tena.

"Halo, ghala," ikasema sauti ya Khaemba.

"Khaemba, ni Wakonyo. Mpe Wabwile simu. Mwambie asije Kitale!"

"Dada, wametoka hapa saa moja asubuhi. Tumemkataza sisi wote. Anasema asipokuja itakuwa kama amekubali alimsukuma. Ati hata akipigwa, atakuona kwa mbali."

Wakonyo aliiacha simu ikining'inia.

Alipofika Banda la Mahindi mchezo ulikuwa umeanza na mlango umefungwa kwa wingi wa watu. Alipita chini ya mikono, kati ya miguu, kitambaa cha kichwa kikamvuka. Ndani kelele zilikuwa za namna moja tu, nzito, kama za ng'ombe wengi. Watu hawakuwa wanafuata kisahani. Walikuwa wanasema, "Mtoe! Mtoe!"

Walikuwa wamembana kwenye pembe ya mbali, Kipsang na wawili wengine. Wabwile alikuwa amepiga magoti. Fimbo yake ilikuwa mikononi, akaiinua juu ya kichwa kujikinga, na hakuitumia kwa lingine. Fimbo ya Kipsang ilishuka mgongoni. Ya pili ilishuka kwenye mguu, chini ya goti, na Wakonyo akaona mguu ukikunjwa mahali ambapo mguu haukunjwi. Refa alikuwa amekimbia. Bwana Barafu alikuwa amesimama juu ya kiti chake, uso mweupe kama chokaa, akipiga kelele kwa Kiingereza ambacho hata wazungu wenzake hawakukisikia.

Wakonyo alipanda ukuta na gauni lake, akaanguka upande wa pili, akainuka. Raba zake hazikuteleza kwenye mbao. Alikimbia moja kwa moja na kujilaza juu ya Wabwile, na fimbo ya Kipsang iliyokuwa tayari hewani ikamshukia begani. Mfupa ulilia kama kijiti kikavu.

"Ni wewe?" Wabwile akasema chini yake. "Toka, watakuua."

"Nyamaza," akasema Wakonyo, meno ameyauma. "Nimejua. Nyamaza."

Kipsang alibaki ameshika fimbo, macho yamemtoka. Halikuwa lengo lake kumpiga mwanamke, tena dada wa Kagwe. Na hapo Kagwe mwenyewe akatokea, bila viatu vya magurudumu, sweta iliyopasuka imemning'inia mgongoni. Alimpiga Kipsang ngumi moja ya sikio, akamnyang'anya fimbo, akasimama akiwakinga Wabwile na Wakonyo waliolala chini.

"Nilidanganya!" akapiga kelele. "Huyu aliniokoa! Mimi nilidanganya! Mnasikia?"

Waliokuwa karibu walisikia. Wa mbali waliona tu Kipsang akipigwa, wakadhani Bungoma wameanza, wakashuka wote pamoja. Ngazi za magunia zikaporomoka na watu juu yake. Ukuta wa mbao ukalazwa chini. Watu walipigana bila kujua wanampiga nani, na Kagwe, kwa jicho moja, alizungusha fimbo yake kila upande akiwalinda wale wawili, akipigwa na watu wa Bungoma na watu wa Kitale vilevile, mpaka askari walipoingia na virungu.

Watu kumi na wanane walilazwa. Jumatatu serikali ilifunga Banda la Mahindi na ghala la Bungoma kwa barua moja, na kabla ya Krismasi mbao za mvule zilikuwa zimeng'olewa, magunia yamerudi. Hakuna mchezo wa namna ile uliochezwa tena pande hizo.

Wodi za wanaume na za wanawake zilitenganishwa na veranda ndefu. Siku ya nne Wakonyo, mkono umefungwa kifuani, aliivuka na kumkuta Wabwile amelazwa karibu na dirisha, mguu wake umevikwa plasta na kuinuliwa kwa kamba.

"Unafanana na kuku anayesubiri kuchinjwa," akamwambia.

"Na wewe kuku aliyevunjwa bawa." Alicheka, pengo la meno mawili likaonekana. Halafu akaacha kucheka. "Daktari anasema nitachechemea maisha yote."

"Nimesikia."

"Sitacheza tena. Kupima pamba huku nimesimama kutwa nzima, sijui. Uliniambia nisipige simu. Naweza kuitii hiyo amri hata sasa, ukitaka."

Wakonyo aliketi pembeni ya kitanda. "Siku ile kwenye lori ulikuwa unataka kuniambia nini, pale mwisho?"

"Kwamba niliona chuma. Hasira ikaniisha papo hapo, kama mtu aliyemwagiwa maji. Lakini nilichelewa. Kama singemfukuza, asingefika pale. Kwa hiyo ulivyonikasirikia, hukukosea sana."

"Nilikosea. Sikukusubiri umalize maneno." Machozi yalimtoka bila sauti. "Wabwile, mimi sitaki mtu wa kucheza. Nataka wewe. Kama bado unataka kwenda Kachibora, twende."

"Mwendwa," akasema Wabwile, na mgonjwa wa kitanda cha pili akajifunika shuka kichwani.

Walikwenda mwezi wa Desemba, plasta ilipotolewa. Shambani kwa mzee Kang'ethe mahindi yalikuwa yamevunwa, na mzee alikuwa uani na wazee wenzake wawili, koti zito mabegani, akipukuchua. Hakuinuka. Wabwile alisimama mbele yake na gongo lake, shati jeupe limelowa jasho, Wakonyo nyuma yake. Kagwe, ambaye alitangulia siku mbili kabla, aliegemea mlango wa jikoni.

"Wewe ndiye wa Bokoli," mzee akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Mwanangu huyu amenieleza yote. Yake na yako. Nataka kusikia moja tu kutoka kwako. Ulipomfukuza, ulitaka kumvunja?"

Wakonyo alifumba macho.

"Nilitaka, mzee," Wabwile akajibu. "Siwezi kukuficha. Nilitaka sana."

Mzee Kang'ethe alipukuchua gunzi zima mpaka likaisha, akalitupa, akachukua lingine. Kuku waliingia kati ya miguu ya Wabwile, na mguu mbovu ulikuwa umeanza kutetemeka.

"Kagwe," mzee akasema bila kuinua macho. "Huyu ataanguka. Mletee kiti."

Kagwe alikaa kidogo palepale mlangoni. Kisha akaingia ndani, akatoka na kigoda, akakiweka chini. Kwa jicho lake moja alikiweka mbali kidogo, hatua nzima pembeni. Wabwile alikivuta kwa gongo, akaketi.

"Asante, shemeji."

"Bado," Kagwe akasema. "Mzee hajakubali. Na jicho langu sijakusamehe."

"Na meno yangu?"

"Meno unayo mengine."

Wakonyo alianza kucheka, mkono ameshika bega lililokuwa bado linauma, na hakuweza kuacha hata baba yake alipomtazama kwa ukali na kumwambia, badala ya kusimama pale akicheka, aende akapike chai ya wageni.